Idi Haingoji Chombo: Kupanga Mapema Kutuma Vitu na Fedha Kisimayu na Visiwa vya Bajuni



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), aliyeitiisha bahari ili vyombo vipite juu yake kwa amri Yake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, katika hosteli zetu huanza shughuli moja: kila mwenye jamaa mbali hukumbuka kuwa bado hajatuma kitu. Kwa wengi wetu jambo hilo ni jepesi, kwani simu iko mkononi na baada ya dakika moja mama ameshapokea. Lakini tunao wenzetu ambao kwao ni Kisimayu, Koyama, Chovai, Chula au Ras Kamboni. Tangu vita vya 1991 Wabajuni wengi wa visiwa hivyo wametawanyika Mombasa, Lamu, Malindi, Uingereza na kwingineko, na watoto wao leo ni wanafunzi pamoja nasi. Kwao, kutuma kitu cha Idi ni safari yenye hatua nne au tano, na hatua ya mwisho ni mashua ndogo baharini.

Somo hili limeandikwa kwa ajili yao kwanza, na kwa kila anayetuma kitu mahali ambapo barabara inaishia kabla ya kufika nyumbani. Jambo tunalotaka kulieleza ni hili: Idi hufuata mwezi, chombo hufuata upepo, na baadhi ya ibada za Idi zina saa ya kufungwa. Anayetuma hana budi kuvihesabu vyote vitatu, na hesabu yake aianze mwisho wa njia, asiianze dukani.

1. Kupanga safari kwa msimu ni katika mafundisho ya dini

Wako wanaodhani kwamba kupanga sana ni upungufu wa kutegemea. Tuitazame Suratu Quraysh, sura fupi tuliyoihifadhi wote tangu chuoni. Allah anawakumbusha Maquraysh neema ya kuzoeshwa safari mbili, moja ya kipindi cha baridi na nyingine ya kipindi cha joto. Wafasiri wanaeleza kuwa ya baridi ilikuwa ya Yemen na ya joto ilikuwa ya Sham. Biashara iliyoilisha Makka, mji usio na mashamba, ilisimama juu ya kuujua msimu. Neema waliyokumbushwa ilikuja kwa njia ya mpango, na baada ya kukumbushwa wakaamrishwa kumwabudu Mola wa Nyumba ile.

Vilevile tunaijua hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas (r.a.), ya mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake na kutegemea, au amwache huru na kutegemea. Akaelekezwa amfunge, kisha ategemee. Kwa mtu wa pwani ngamia huyo ni mashua, na kumfunga ni kujua chombo kitaondoka lini na upepo gani.

Wazee wetu wa pwani hii waliishi hivyo. Majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi. Mfanyabiashara aliyechelewa kufunga mzigo wake hakungoja wiki moja. Aliweza kukaa bandarini miezi. Injini zimepunguza ngoja hiyo lakini hazijaiondoa.

2. Kalenda mbili zisizokwenda pamoja

Mwaka wetu wa Hijria una siku 354 au 355. Mwaka wa jua una siku 365 au 366. Kwa hiyo kila mwaka Idi hurudi nyuma kwa siku kumi hadi kumi na mbili katika kalenda ya jua, na kwa muda wa miaka 32 hadi 33 huzunguka misimu yote.

Upepo, kinyume chake, hufuata jua. Katika pwani ya kusini ya Somalia kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Kusi huanza kuingia Aprili, hushika nguvu Juni hadi Agosti, kisha hulegea Septemba. Katikati ya pepo hizi mbili kuna vipindi vya utulivu ambavyo mabaharia huviita maleleji. Kaskazi nayo ina siku zake za kuvuma kwa nguvu, lakini kusi ndiyo inayozuia watu. Mawimbi ya bahari kuu huvunjika juu ya miamba, na vyombo vidogo hukaa pwani siku nyingi mfululizo.

Sasa weka kalenda hizi mbili pamoja. Mwaka 2018 Idi ya Fitri ilikuwa Juni 15, na Idi ya Mfunguo Tatu ikawa Agosti 21. Zote mbili ziliangukia ndani ya kusi. Mwaka 2024 Fitri ilikuwa Aprili 10, kusi ikianza kunusia, na Idi kubwa ilikuwa Juni 16, kusi imekwisha shika. Kwa mwaka 2026 hesabu ya falaki inaiweka Fitri karibu na Machi 20, mwisho wa kaskazi, na Idi kubwa karibu na Mei 27. Mwaka 2028 Fitri itakuwa mwishoni mwa Februari na Idi kubwa mwanzoni mwa Mei.

Tunapata faida mbili hapa. Ya kwanza ni kwamba desturi ya mwaka uliopita haitoshi. Anayesema "sisi hutuma kumi la pili na hufika" huenda anasema kweli kwa miaka hii ya kaskazi, na maneno hayo hayo yakamwangusha Fitri itakaporudi katika kusi miaka ya 2040. Ya pili ni kwamba katika miaka hii Idi mbili ziko pande mbili za mlango: Fitri ndani ya bahari nzuri, na Idi kubwa wakati mlango unafungwa. Mwenye mzigo wa Idi zote mbili, kama nguo, vyombo vya jikoni, nyavu au madaftari ya watoto, na aupeleke kwa safari moja ya kaskazi. Mzigo wa Idi kubwa ukitangulia miezi miwili hautaoza. Ukichelewa wiki mbili unaweza kukaa ghalani Kisimayu hadi Septemba.

Kuna jambo jingine ambalo ndugu zetu wa bara huenda hawajaliwaza. Mwezi unaoleta Idi ndio huo huo unaovuta maji. Fitri siku zote huwa mwezi mchanga, na mwezi mchanga huleta bamvua: maji hujaa sana karibu na alfajiri na alasiri, na kabla ya adhuhuri hupwa mbali sana. Chombo kinachoshusha mzigo ufukweni penye miamba hutaka maji yaliyojaa. Basi mzigo unaotarajiwa kushushwa mchana wa kuamkia Idi unaweza kusubiri majini huku watoto wakiuona kwa macho. Idi ya Mfunguo Tatu, kwa kuwa ni siku ya kumi, hukaribiana na maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Mzee yeyote wa Koyama analijua hili. Mwanafunzi aliyekulia mjini anapaswa kumuuliza.

Tusisahau pia kuwa kusi ni msimu wa upungufu kwa mvuvi. Siku ambazo mashua haitoki, pato halipo. Kwa hiyo Idi inayoangukia kusi hukutana na nyumba yenye haja kubwa zaidi wakati njia ni ngumu zaidi. Hapo ndipo aliye mbali anahitajika, na hapo ndipo kuchelewa kwake huumiza.

3. Ibada zenye saa ya kufungwa

Nguo ya mtoto ikifika siku ya tatu ya Idi, itavaliwa. Furaha imepungua, lakini thawabu ya zawadi ipo. Kuna vitu vingine ambavyo vikichelewa hubadilika jina lake.

Kwanza ni Zakatul-fitri. Katika hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) aliyoipokea Abu Daud, Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa atakayeitoa kabla ya sala ya Idi hiyo ni zaka iliyokubaliwa, na atakayeitoa baada ya sala ni sadaka kama sadaka nyingine. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na watu wengi wa pwani yetu, inajuzu kuitoa tangu mwanzo wa Ramadhani. Ni bora itolewe kabla ya sala, na ni haramu kuichelewesha mpaka siku ya Idi ipite bila ya udhuru. Aliyeichelewesha bado anadaiwa na atailipa. Kiwango chake ni pishi moja, yaani vibaba vinne, kwa kila kichwa, katika chakula kinacholiwa zaidi mahali hapo. Masheikh wetu hukadiria kati ya kilo mbili na nusu na kilo tatu.

Hapa mwanafunzi anayetaka kutuma fitri yake visiwani apate maelezo matatu.

(a) Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi ni kuwa zaka hutolewa pale mtu alipo, na haihamishwi kupelekwa mji mwingine. Hanafi wameruhusu kuihamisha kwa ajili ya jamaa au wenye haja zaidi, na wako wanazuoni wa zama hizi walioichukua kauli hiyo. Muulize sheikh unayemfuata kabla ya Ramadhani. Ukiuliza usiku wa Idi utapata jibu ambalo huna tena nafasi ya kulifanyia kazi. Njia iliyo salama ni kutoa fitri yako hapa ulipo, na kuwatumia jamaa zako fedha za kujikimu na zawadi, ambazo hazina mpaka wa mji.

(b) Kama wewe ndiye unayewalisha wazazi wako, kumbuka kuwa anayekulazimu kumlisha humpi zaka yako. Utakachofanya ni kuwawezesha kwa fedha, ili fitri zao zitolewe huko huko walipo.

(c) Si lazima mchele wenyewe usafiri. Tuma fedha, na umfanye mtu mwaminifu aliyeko huko kuwa wakala wako: anunue chakula hapo hapo na kukigawa kabla ya sala. Uwakala katika jambo hili unajuzu. Kilicho lazima ni nia yako, kuwataja unaowatolea, na wakala kuwa na fedha mapema kiasi cha kupata dukani anachokitaka.

Pili ni udh-hiya, mnyama wa Idi kubwa. Wakati wake huanza baada ya sala ya Idi na hotuba zake, na humalizika jua linapozama siku ya 13 ya Mfunguo Tatu. Mnyama aliyechinjwa siku ya 14 ni nyama ya sadaka. Hapa pia uwakala unajuzu, lakini mnyama hununuliwa kabla, na mnyama wa kupelekwa kisiwani naye hupanda chombo. Tena, katika hadithi ya Ummu Salama (r.a.) aliyoipokea Muslim, mwenye kukusudia kuchinja huelekezwa asikate nywele wala kucha zake tangu mwezi kuandama mpaka achinje. Kwa hiyo aliyeko London au Toronto anahitaji habari kutoka kwa wakala kuwa mnyama wake amekwisha chinjwa. Wakubaliane mapema nani atapiga simu, na lini.

4. Njia ambazo mzigo hupita

Posta ya Somalia ilisimama baada ya serikali kuanguka mwaka 1991, na barua za kimataifa zikaanza kurejea mwaka 2013 kwa kupitia Dubai. Mpaka leo mzigo wa kwenda Kisimayu kwa kawaida huenda kwa mkono wa wakala wa mizigo, kwa ndege, kwa jahazi, au kwa msafiri. Njia kubwa ni mbili.

Ya kwanza ni Nairobi, hasa mtaa wa Islii, ambako wako mawakala wanaopokea mizigo na kuipeleka kwa ndege. Ni njia ya haraka, lakini inaweza kukatika kwa amri ya siku moja. Mwezi wa Mei 2021, siku chache tu kabla ya Idi ya Fitri, Kenya ilisimamisha safari za ndege baina yake na Somalia, na zikaruhusiwa tena mwezi wa Juni. Aliyekuwa ametuma mwanzoni mwa Ramadhani hakuguswa. Aliyengoja kumi la mwisho alibaki na mzigo wake mkononi.

Ya pili ni Dubai na Sharjah, ambako majahazi makubwa ya mbao hupakia shehena za bandari za Somalia. Mengi ni ya Gujarat, na sheria ya India huyazuia kusafiri bahari kuu wakati wa kusi kali, kwa kawaida Juni hadi Agosti. Jamaa walioko Ghuba wanaotumia njia hii wanafungwa na msimu ule ule unaowafunga wa Koyama.

Anayetoka Ulaya na kutuma kwa kontena hadi Mombasa aongeze muda. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema badala ya kupita Mfereji wa Suez, kwa sababu ya mashambulizi katika Bahari ya Shamu.

Na njia ya nchi kavu kutoka Lamu na Kiunga hadi Ras Kamboni? Kwa ramani ndiyo fupi kuliko zote, na ndiyo iliyokuwa njia ya ndugu kutembeleana. Lakini mpaka umefungwa rasmi kwa miaka mingi. Mei 2023 serikali mbili zilitangaza mpango wa kuufungua kwa hatua, na Julai mwaka huo Kenya ikauahirisha kwa sababu ya mashambulizi. Usipange Idi ya watoto juu ya njia ambayo kufunguliwa kwake hakuko mikononi mwako, wala usimtie mtu hatarini kwa ajili ya furushi la nguo.

5. Njia ambazo fedha hupita

Kutoa fedha mji mmoja zikapokewa mji mwingine si jambo jipya katika Uislamu. Imepokewa kuwa Abdullah bin Zubayr (r.a.) alikuwa akipokea dirhamu za watu Makka na kuwaandikia barua kwa ndugu yake Mus'ab huko Iraq, nao wakazichukua kwake. Ibn Abbas alipoulizwa hakuona ubaya. Kampuni za hawala za leo, kama Dahabshiil iliyoanza mwaka 1970, hufanya kazi inayofanana na hiyo. Mjini Kisimayu watu hutumia pia fedha za simu, kama EVC Plus ya Hormuud inayokwenda kwa dola.

Njia hii ni ya haraka, nayo ina siku zake za kuziba. Mwaka 2013 benki ya Barclays ya Uingereza ilitangaza kufunga akaunti za kampuni nyingi za kutuma fedha, Dahabshiil ikiwemo. Kesi ikafika mahakamani na ikamalizika kwa maafikiano mwaka 2014. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, Kenya ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha kwa Wasomali, na ikazirudisha Juni, mwezi ambao Ramadhani iliingia. Fundisho ni kuwa na njia ya pili unayoijua na uliyokwisha kuijaribu, hata kwa kiasi kidogo, kabla haijahitajika.

Sababu ya kawaida ya fedha kukwama, hata hivyo, ni ndogo zaidi: jina. Tangu 1972 Kisomali huandikwa kwa herufi za Kilatini ambamo "c" ni ain na "x" ni ha. Omari wa nyumbani anaweza kuwa Cumar katika kitambulisho, Hassan akawa Xasan, na Athumani akawa Cusmaan. Ukiandika jina unavyolitamka na mpokeaji akaleta kitambulisho kinachosema vingine, dirishani atarudishwa. Kumbuka pia kuwa Ijumaa kwao ofisi zimefungwa, na Jumapili zimefungwa za huku. Kosa la Alhamisi jioni huenda lisirekebishwe hadi Jumatatu. Omba picha ya kitambulisho mwezi wa Rajabu, unakili majina matatu kama yalivyo, na jambo limekwisha.

6. Kuhesabu kutoka kisiwani kurudi nyuma

Wengi wetu huuliza, "Mzigo huchukua siku ngapi kufika?" Swali hilo lina jibu moja kwa kila hatua, na hatua ni nyingi. Uliza hivi: "Mara ya mwisho salama ya kushusha mzigo kisiwani ni lini?" Kisha rudi nyuma.

Tuseme mwanafunzi yuko Nairobi na mzigo wake ni wa Chovai, kwa Idi ya Fitri. Aanze na Idi, na aihesabu kwa Ramadhani ya siku 29, kwa kuwa mwezi unaweza kuandama mapema, na huenda wenzake wa Somalia wakafuturu siku moja kabla yake. Kutoka hapo mpango wake uwe hivi:

Rajabu: azungumze na walio nyumbani. Achukue vipimo vya watoto, majina kamili, na namba za simu za watu wawili. Amchague wakala, na amuulize sheikh masuala ya fitri.

Shaabani, nusu ya kwanza: anunue na kufunga mzigo. Bei bado hazijapanda, na mawakala bado hawajazidiwa.

Shaabani, nusu ya pili: mzigo uondoke Nairobi. Lengo ni uwe Kisimayu kabla ya Ramadhani kuandama.

Ramadhani, kumi la kwanza: mzigo upande mashua ya kwenda kisiwani. Chombo kikikosa siku moja kwa upepo, ziko nyingine kumi na tano. Bamvua la mwezi kumi na nne ndani ya Ramadhani liwe ndilo kikomo chake.

Ramadhani, kumi la pili: fedha za fitri na za matumizi zimfikie wakala.

Ramadhani, kumi la mwisho: hakuna kinachosafiri ila salamu. Siku hizi ni za ibada na itikafu, na hii peke yake ni faida kubwa ya kupanga mapema. Anayezunguka Islii na furushi usiku wa 27 amekosa vitu viwili kwa pamoja.

Kwa Idi ya Mfunguo Tatu, kama mwaka huo inaangukia Mei, mzigo wake uwe ndani ya safari hii hii ya Shaabani. Baada ya Fitri zibaki fedha tu: za mnyama zifike mwanzoni mwa Mfunguo Pili, ili wakala anunue kabla bei haijapanda na kabla bahari haijachafuka.

Siku tulizotaja ni kipimo cha kupangia. Kila mtu azirekebishe kwa kuuliza nahodha au wakala wa njia yake, lakini utaratibu wa kurudi nyuma asiuache.

7. Amana ya anayebeba

Mzigo wetu hupita mikononi mwa watu, na hapo dini ina neno. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ni ndefu kuliko aya zote, inatufundisha kuandika miamala. Kwa hiyo andika orodha ya vilivyomo, thamani yake, malipo, na nani atapokea. Nakala moja iwe ndani ya mzigo, moja kwa mbebaji, na moja kwako. Mkubaliane wazi kama anabeba kwa ujira au kwa hisani, na likitokea la kutokea itakuwaje. Anayebeba kwa hisani bila kuzembea hadaiwi kilichopotea, basi usimpe kitu ambacho kupotea kwake kutaharibu udugu.

Mweleze msafiri kila kilichomo, mbele ya macho yake. Kumpa mtu furushi lililoshonwa na kumwambia "ni nguo tu" ni kumweka mbele ya askari wa forodha akiwa hajui anachokitolea ushahidi. Usitume kitu kinachokatazwa na sheria za nchi mbili, wala usimfiche wakala kitu ili upunguze ushuru.

Funga kwa kuikumbuka bahari. Mashua haina sitaha ya kuzuia maji, na maji ya chumvi huharibu kitambaa na simu sawasawa. Pipa la plastiki lenye kifuniko ni bora kuliko boksi la karatasi, na baada ya kumwagwa huwa tangi la maji la nyumba. Andika jina kwa wino usiofutika pande mbili, na karatasi nyingine ya jina iwe ndani.

Mwisho, ndugu wa familia moja wakubaliane. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Ndugu watano walioko miji mitano wakituma kila mmoja peke yake, shangazi atapata mapipa matano ya nguo na hakuna aliyemkumbukia dawa ya presha. Mmoja aandike orodha, mmoja akusanye, mzigo uwe mmoja.

Hitimisho

Wahenga walisema kawia ufike, na kwa msafiri ni nasaha njema. Lakini fitri iliyokawia imefika ikiwa sadaka, na udh-hiya iliyokawia imefika ikiwa nyama. Tunaowatumia huko visiwani hawatatuambia kuwa tumechelewa. Watasema alhamdulillahi na kuomba dua kwa kilichofika. Ni juu yetu tulio mbali kuhakikisha kuwa asubuhi ya Idi, kabla ya takbira za sala, kila chenye wakati kimekwisha fika mahali pake.

Allah atuwafikishe kuunga udugu, azilinde safari za mabaharia wetu, na awarudishie watu wa pwani ile amani. Amin.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Tafuteni tarehe zinazotazamiwa za Idi zote mbili kwa miaka mitano ijayo. Kila moja iko katika kaskazi, kusi au maleleji?

2. Kuna tofauti gani kati ya kumtumia shangazi masikini zaka ya fitri na kumtumia mama yako?

3. Chagua jamaa mmoja unayemtumia vitu. Andika kila hatua ya njia kutoka kwake kurudi kwako. Ni hatua ipi usiyoijua, na nani wa kumuuliza?

Wallahu a'lam.